Cheti cha Texas, kazi ya Minnesota: jibu kwa naibu mkuu wa shule anayehama

*"Mimi ni Mkenya. Nilisomea ualimu wa Baiolojia na Kemia nyumbani, nikafundisha miaka minne chini ya TSC, tume ya Kenya inayosajili na kuajiri walimu, kabla ya kuja Marekani. Hapa Texas nilipata cheti cha kufundisha Sayansi, darasa la 7 hadi la 12, kupitia njia mbadala ya mafunzo, nikafundisha miaka saba. Baadaye nilifanya shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, krediti 36 (vipimo vya wingi wa masomo ya chuo), nikapata na cheti cha ukuu wa shule. Huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa naibu mkuu wa shule ya sekondari. Mume wangu amepata kazi Minneapolis na tunahama mwezi Juni. Rafiki yangu kanisani, ambaye ni nesi, anasema siku hizi leseni za Marekani zinafanya kazi jimbo lolote kwa sababu ya mikataba. Mwalimu mwingine ananiambia nitaanza upya kama mtu aliyeshuka ndege jana. Nimsikilize nani? Na je, nitapata kazi ya unaibu huko, au nirudi darasani?"*

Mwalimu, hao wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini ukimfuata yeyote kati yao hadi mwisho utaumia. Una vyeti viwili, na huko unakokwenda vinashughulikiwa na ofisi mbili tofauti zenye sheria tofauti. Cha kufundisha kina njia iliyo wazi ya kuingia Minnesota, na ukianza makaratasi sasa unaweza kuwa na leseni kabla shule hazijafunguliwa mwezi Septemba. Cha ukuu wa shule ndicho kitakachokutoa jasho. Kwa hesabu ya masomo uliyoniandikia, una upungufu ambao hauzibiki kwa likizo moja, na ni heri uujue sasa ukiwa bado unapokea mshahara wa Texas kuliko kuujua Agosti ukiwa umekaa kwenye mahojiano.

Tuanze na kilichowachanganya marafiki zako. Nyumbani Kenya, mwalimu akihamishwa kutoka Kwale hadi Turkana, nambari yake ya TSC ni ile ile. Mwajiri ni mmoja na daftari la walimu ni moja. Marekani haina kitu cha namna hiyo. Serikali ya Washington haitoi leseni ya ualimu hata moja. Elimu ni mamlaka ya majimbo, kwa hiyo kila jimbo lina chombo chake kinachoamua nani anafaa kusimama mbele ya darasa na nani anafaa kuongoza shule. Kwa sababu hiyo, hakuna leseni inayobebwa kuvuka mpaka. Kinachotokea ni kwamba unaomba leseni mpya kwenye jimbo jipya, na ile ya zamani inakuwa ushahidi kwenye faili lako. Wakati mwingine ushahidi huo una nguvu sana, wakati mwingine hauna.

Rafiki yako nesi hakukudanganya. Alikuambia habari za kazi yake. Manesi wana mkataba wao ambao umekusanya majimbo zaidi ya 40, Texas ikiwemo, na nesi mwenye leseni ya mkataba huo anaweza kufanya kazi katika jimbo jingine la mkataba bila kuomba leseni nyingine. Kwa kuwa kina mama na kina baba wengi wa Afrika Mashariki huku wako kwenye unesi, habari hiyo imeenea makanisani na kwenye harambee mpaka watu wakaamini ni sheria ya kazi zote. Walimu hawajafika huko.

Walimu wana mipango miwili inayofanana na mkataba, na yote miwili huelezwa vibaya. Wa kwanza ni makubaliano ya NASDTEC, chama cha wakurugenzi wa majimbo wanaosimamia mafunzo na leseni za walimu. Watu wakiyasikia hudhani kwamba jimbo la kwanza likikupa cheti, la pili linalazimika kukupa chake. Sivyo. Ndani ya makubaliano hayo kila jimbo hutaja ni vyeti vipi vya majimbo mengine litakavyovipokea na kwa masharti gani, na jimbo A kumpokea mwalimu wa jimbo B hakumaanishi B litampokea wa A. Jimbo linaloku­pokea bado linaweza kudai mtihani wake, kozi zake, au uzoefu wa miaka kadhaa.

Mpango wa pili ni mpya na una meno zaidi: Mkataba wa Majimbo wa Uhamaji wa Walimu, ulioandaliwa na Baraza la Serikali za Majimbo kwa msaada wa Wizara ya Ulinzi, ambayo kwa miaka mingi imeona wake na waume wa wanajeshi wakipoteza kazi za ualimu kila wanapohamishwa. Ulianza kuwa na nguvu ya kisheria mwaka 2023 baada ya majimbo 10 kuupitisha. Mwalimu mwenye shahada ya kwanza, aliyemaliza programu ya ualimu inayotambuliwa na jimbo lake, na mwenye leseni kamili isiyo na doa, anapewa leseni inayolingana nayo katika jimbo jingine mwanachama. Texas haikuwa miongoni mwa majimbo yale 10, na mkataba unafanya kazi pale tu majimbo yote mawili yamejiunga, linalokutoa na linalokupokea. Orodha huongezeka kadiri mabunge ya majimbo yanavyokaa, kwa hiyo itazame tena siku ya kuomba. Lakini kuna jambo ambalo halitegemei orodha: mkataba huo ni wa walimu wa darasani. Wakuu wa shule na manaibu wao hawamo.

Kama mume wako angekuwa mwanajeshi anayehamishwa kwa amri ya jeshi, ningekuandikia jibu jingine kabisa, kwa kuwa tangu Januari 2023 kuna sheria ya shirikisho inayomruhusu mwenzi wa mwanajeshi kuendelea kutumia leseni yake ya kitaaluma jimbo anakohamia. Hukutaja jeshi, basi tuendelee.

Leseni ya kufundisha

Minnesota ilibadilisha mfumo wake mwaka 2018 na sasa ina madaraja manne ya leseni, yanayosimamiwa na bodi ya leseni za walimu iitwayo PELSB. Daraja la 1 ni la mwaka mmoja, la 2 ni la miaka miwili, la 3 ni la miaka mitatu, na la 4 ni la miaka mitano. Madaraja mawili ya chini huombwa na mwalimu pamoja na wilaya ya shule inayotaka kumwajiri. Bila wilaya, huna ombi. Daraja la 3 unaliomba mwenyewe, ukiwa popote, hata kabla hujapata kazi. Hilo ndilo lako. Daraja la 4 usilifikirie sasa, maana linadai miaka mitatu ya kufundisha ndani ya Minnesota kwenyewe.

Umetaja njia mbadala, na ndiyo inayowatia hofu walimu wengi wa Texas wanaohama. Huko Texas ulifundisha darasa lako mwenyewe kwa mshahara badala ya kukaa muhula mzima chini ya mwalimu mlezi kama tulivyofanya mazoezi ya kufundisha nyumbani. Kuna majimbo yanayoitazama njia hiyo kwa jicho la pembeni. Minnesota inataka programu iwe na mazoezi ya kufundisha katika somo husika, lakini sheria yake imeweka mlango wa watu kama wewe: mwenye leseni ya kitaaluma ya jimbo jingine, iliyo hai na safi, pamoja na miaka miwili ya kufundisha somo hilo hilo, anahesabiwa kuwa ametimiza sharti la mafunzo. Una miaka saba. Kwa hiyo usiingie kwenye fomu ukijitetea kuhusu njia uliyopitia. Omba kupitia mlango huo.

Mtego uko kwenye maneno "somo hilo hilo." Cheti chako cha Texas ni cha Sayansi kwa ujumla, darasa la 7 hadi la 12, na kinakuruhusu kufundisha baiolojia, kemia, fizikia na sayansi ya dunia bila mtu kukuuliza. Minnesota imeigawa sayansi vipande vipande. Kuna leseni ya sayansi ya jumla ya darasa la 5 hadi la 8, halafu kwa darasa la 9 hadi la 12 kuna ya sayansi ya viumbe, ya kemia, ya fizikia, na ya dunia na anga, kila moja peke yake. Ukiandika tu "nilifundisha sayansi miaka saba," mkaguzi hana pa kukuweka. Andika mwaka kwa mwaka: kozi gani, darasa la ngapi, vipindi vingapi. Ratiba za zamani za shule zinasaidia sana hapa, na ofisi ya wafanyakazi ya wilaya yako inaweza kuthibitisha. Transkripti yako ya Kenya nayo (orodha rasmi ya kozi na alama zako za chuo), yenye Baiolojia na Kemia zikiwa zimetenganishwa tangu mwaka wa kwanza, ni hazina, kwa sababu inaonyesha umahiri wa somo moja moja kwa namna ambayo cheti cha Texas hakionyeshi. Huenda ukapewa viumbe na kemia ukanyimwa fizikia. Ikitokea hivyo usikate rufaa kwanza; shule ikikuhitaji kwa fizikia inaweza kukuombea ruhusa ya kufundisha nje ya eneo lako kwa muda.

Kuhusu mitihani, Minnesota ina yake ya somo na ya mbinu za kufundisha, na masharti ya nani anaifanya yamebadilishwa tangu mfumo huu uanze. Tuma matokeo yako ya mitihani ya Texas pamoja na ombi, kisha uliza PELSB kwa maandishi kama kuna unaodaiwa. Utatakiwa pia kutoa alama za vidole kwa ukaguzi wa rekodi za uhalifu, hata kama Texas ilikwisha kuzichukua.

Cheti cha ukuu wa shule

Hapa ofisi ni nyingine: Bodi ya Wasimamizi wa Shule ya Minnesota, inayojulikana kama BOSA. Usiwatumie PELSB makaratasi ya uongozi ukitarajia yatasukumwa mlango wa pili. Na usidhani kwamba cheo cha naibu hakihitaji leseni. Minnesota naibu mkuu wa shule anahitaji leseni ile ile ya mkuu.

BOSA inatazama mambo matatu, na Texas inakufikisha mbali kwenye moja tu.

La kwanza ni uzoefu wa darasani. Texas inadai miaka miwili ya kufundisha kabla ya kukupa cheti cha ukuu. Minnesota inadai mitatu, ukiwa na leseni halali ya kazi uliyokuwa ukiifanya. Una saba. Hata wakiuondoa mwaka wako wa kwanza wa cheti cha muda, unabaki na ziada. Hapa huna shida.

La pili ni masomo, na hapa ndipo penye kisa chote. Texas inataka shahada ya uzamili pamoja na programu ya uongozi iliyoidhinishwa. Minnesota inataka krediti 60 za muhula baada ya shahada ya kwanza, zikiwemo za shahada ya juu uliyoimaliza. Kwa lugha ya kawaida, ni uzamili na karibu mwaka mwingine wa masomo juu yake. Wewe una krediti 36. Kama hukusoma kitu kingine baada ya Kenya, pengo lako ni krediti 24, ambazo kwa mtu anayefanya kazi mchana ni kiasi cha mihula minne ya kozi mbili mbili jioni.

Ni sharti kali, na ukitaka maoni yangu, ni kali kuliko inavyohitajika kwa mtu ambaye tayari anaongoza shule. Sioni namna krediti 24 za ziada zinavyomfundisha naibu kuamua ugomvi wa ukumbi wa chakula. Lakini ndilo sharti, na halikutungwa kwa ajili ya kuwazuia wageni. Mwalimu aliyezaliwa Dallas, akihama na uzamili kama wako, anakuta ukuta huo huo.

Kabla hujakubali kwamba pengo ni 24, lipunguze. Vuta transkripti zote ulizonazo tangu ufike Marekani. Walimu wengi wa njia mbadala walichukua kozi za chuo ngazi ya uzamili wakati wa mafunzo ya cheti bila kuzitilia maanani. Wengine walifanya kozi za kufundisha wanafunzi wanaojifunza Kiingereza au za elimu maalum. Kama uliwahi kuanza shahada ya uzamili Kenya ukaiacha njiani kwa sababu ya safari, hizo nazo zitafutie tathmini. Krediti lazima ziwe za ngazi ya juu ya shahada ya kwanza na kutoka chuo kinachotambuliwa. Semina za wilaya na saa za maendeleo ya kitaaluma hazihesabiki, hata ziwe mia.

La tatu ni mafunzo ya vitendo. Programu za ukuu za Texas zinatakiwa kuwa na saa zisizopungua 160 za vitendo. Minnesota inadai 320, na kwa kuwa leseni yake ya ukuu inashughulikia chekechea hadi darasa la 12, inataka angalau saa 40 katika kila ngazi ya shule ambayo hukuifundisha. Umefanya kazi sekondari maisha yako yote. Shule ya msingi hujaigusa, na ya kati huenda uliigusa kidogo tu. Miaka yako miwili ya unaibu ni ya thamani, lakini si kitu cha kuhesabu kichwani ukasema "nimeshapita saa 320." Mafunzo ya vitendo ni sehemu ya programu ya chuo, chini ya mkuu mwenye leseni na msimamizi wa chuo. Uliza kama unaibu wako unaweza kukubaliwa kama sehemu ya saa hizo, na uandae barua ya mkuu wako wa sasa inayoeleza ulifanya nini: kutathmini walimu, ratiba, bajeti, nidhamu, mikutano ya wanafunzi wenye mahitaji maalum. Barua hiyo iandikwe kabla hujaondoka. Wakuu wa shule nao huhama, na kumtafuta mtu aliyestaafu akahamia Arizona si kazi ya kupenda.

Basi ufanye nini?

Njia ninayoiona nzuri kwa mtu wa hali yako ni kuingia Minnesota kwa mguu wa ualimu huku ukiziba pengo la uongozi. Omba Daraja la 3 sasa hivi. Wakati huo huo peleka faili lako BOSA, upate kwa maandishi hesabu ya kinachopungua. Kisha nenda na karatasi hiyo kwenye chuo chenye programu ya leseni za uongozi. University of Minnesota wanayo, St. Cloud State wanayo, Minnesota State Mankato, Hamline na St. Thomas vilevile. Usianze na chuo. Ukianza na chuo utauziwa programu nzima, maana kazi ya afisa wa udahili ni kudahili. Ukianza na bodi unakwenda chuoni ukisema nahitaji krediti hizi na saa hizi, nitengenezeeni mpango. Tofauti ya gharama kati ya mazungumzo hayo mawili ni maelfu ya dola.

Muulize pia mtu wa BOSA kama hali yako inakustahilisha leseni ya muda huku ukimalizia. Ukipewa, wilaya inaweza kukuajiri kama naibu mara moja. Usipopewa, zipo kazi za katikati zinazokaribiana na ulichokizoea: mwalimu mkufunzi wa walimu wenzake, mratibu wa idara, au kazi ya dean anayeshughulikia nidhamu na malezi bila kutathmini walimu. Mpaka uko hapo kwenye kutathmini na kusimamia walimu; kazi ikivuka hapo, inadai leseni ya uongozi. Mwajiri akikupa jina la kazi lisilo na leseni huku majukumu yakiwa ya naibu, usikubali kwa furaha ya kupata kazi. Ikigundulika, faili litakaloharibika ni lako.

Kuna mlango mwingine ambao watu wetu huusahau. Minnesota ndiyo jimbo la kwanza nchini kupitisha sheria ya shule za chata, mwaka 1991, na ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Hizi ni shule za umma zinazoendeshwa na bodi zake zenyewe nje ya wilaya, na mkurugenzi wake halazimiki kuwa na leseni ya BOSA. Bodi ya shule ndiyo inayoweka sifa. Walimu wake, hao lazima wawe na leseni. Katika Minneapolis na St. Paul zipo shule za chata zilizojaa watoto wa familia za Kisomali, Kioromo na za Afrika Mashariki kwa jumla, na mtu mwenye Kiswahili, uzoefu wa TSC na miaka miwili ya unaibu Texas si mtu wa kupita tu mlangoni kwao. Nitakuambia na upande wa pili: shule hizi hutofautiana mno. Nyingine ni imara, nyingine zinafungwa katikati ya njia kwa sababu ya fedha. Kabla ya kusaini omba kuona ripoti ya ukaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita na jina la taasisi inayoidhinisha mkataba wao. Wakisita kukuonyesha, umepata jibu.

Wengine watakushauri uangalie Wisconsin, kwa kuwa miji kama Hudson iko ng'ambo tu ya mto St. Croix na watu wa Minneapolis huenda huko kazini. Inawezekana, lakini hilo ni jimbo la tatu na ombi la tatu. Lifikirie iwapo tu BOSA imekuletea hesabu mbaya kuliko ulivyotarajia.

Kutoka Texas vizuri

Nimeona watu wakiharibu maombi mazuri kwa namna walivyoondoka. Mkataba wa mwalimu na wa naibu wa Texas unakubana: sheria imeweka idadi ya siku kabla ya siku ya kwanza ya masomo ambazo unaweza kujiuzulu bila adhabu, na ukishapita hapo unahitaji wilaya ikuachilie. Ukiondoka bila kuachiliwa, wilaya inaweza kukushtaki kwa bodi ya jimbo na cheti chako kikasimamishwa. NASDTEC, wale wale wa makubaliano, wana hifadhi ya kumbukumbu za adhabu ambayo majimbo yote huifungua kabla ya kutoa leseni. Adhabu ya Texas itakuwa mezani Minnesota kabla yako. Wewe unahama Juni, una nafasi. Andika barua ya kujiuzulu mapema, pata majibu kwa maandishi, uyahifadhi.

Usiache vyeti vya Texas vife. Cheti cha kawaida cha Texas hudumu miaka mitano, na wenye cheti cha ukuu wanadaiwa saa 200 za mafunzo ya kitaaluma ili kukihuisha. Ukifika tarehe ukiwa Minnesota, kihuishe tu. Maombi yako yote mawili yanasimama juu ya sharti la leseni iliyo hai, na hujui kama miaka mitano ijayo kazi ya mume haitawarudisha kusini.

Kwa karatasi za Kenya, kama ulipofika Texas ulifanyiwa tathmini ya shahada na kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, usilipe upya kabla ya kuuliza kama kampuni hiyo inaweza kutuma nakala rasmi PELSB na BOSA. Mara nyingi inawezekana kwa ada ndogo, mradi tathmini ilikuwa ya kozi kwa kozi na si ya jumla. Chuo chako nyumbani kiagize transkripti mapema. Anayefahamu foleni ya ofisi ya msajili hahitaji maelezo yangu. Na omba barua ya utumishi ya ile miaka minne ya TSC. Kwa leseni huenda isihitajike, lakini kwa mshahara inahitajika.

Mshahara wa mwalimu wa Minnesota hupangwa na mkataba wa wilaya na chama cha walimu, kwa jedwali lenye miaka ya uzoefu upande mmoja na krediti upande mwingine. Wilaya nyingi zina kikomo cha miaka ya nje zinayoitambua, na kikomo hicho kinajadilika siku ya kuajiriwa tu. Ukishasaini, umekwama. Kwa hiyo peleka ushahidi wa miaka yote, ya Texas na ya Kenya, kabla hujatia sahihi. Kumbuka pia kwamba zile krediti 24 unazokwenda kuzisoma kwa ajili ya BOSA zinaweza kukupandisha kwenye jedwali hilo hilo, kwa hiyo si fedha ya kutupa.

Akiba yako ya uzeeni iliyo TRS, mfuko wa pensheni wa walimu wa Texas, usikimbilie kuitoa. Ukifikisha miaka mitano ya utumishi una haki ya pensheni yake utakapofika umri, na wewe una tisa. Minnesota kuna mfuko mwingine, na haki yake huanza baada ya miaka mitatu. Kuzitoa fedha za Texas ili kulipia nyumba ya Minneapolis ni uamuzi ambao nisingependa uufanye bila kukaa na mshauri wa TRS mwenyewe.

Kuna mambo ambayo barua hii haiwezi kuyatatua. Kama una kesi yoyote ya nyuma, hata ya barabarani iliyofika mahakamani, au onyo lolote kwenye cheti, ona wakili anayeshughulikia leseni za walimu kabla ya kujaza fomu, kwa maana jibu la uongo kwenye fomu huumiza kuliko kosa lenyewe. Kama uko hapa kwa viza ya kazi iliyofungwa kwa wilaya yako ya sasa, wakili wa uhamiaji ndiye wa kwanza, kabla hata ya PELSB. Leseni si kibali cha kufanya kazi. Na kama bodi itakukatalia, rufaa ina muda wake na muda huo ni mfupi, usiutumie kulalamika kwenye simu.

Ukiwaandikia BOSA, usiulize "je, mnakubali cheti cha Texas?" Swali hilo hujibiwa kwa kukutumia kiungo cha tovuti. Andika hivi: nina shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu yenye krediti 36, saa kadhaa za vitendo katika shule ya sekondari, miaka saba ya kufundisha kwa leseni na miwili ya unaibu; naomba mnieleze ni krediti ngapi na saa ngapi za kila ngazi zinazopungua ili kupata leseni ya ukuu ya chekechea hadi darasa la 12, na kama nastahili leseni ya muda wakati nikizikamilisha. Ambatanisha transkripti na barua ya mkuu wako, na utume kabla Machi haijaisha, kwa kuwa wilaya nyingi huko hutangaza nafasi za unaibu majira ya kuchipua, wakati ninyi bado mtakuwa mnafunga masanduku.